Siku tatu Mombasa na mama mzee: tazama mwezi kabla ya kutazama nyota

*"Naishi Nakuru. Mwezi wa Agosti shule zikifungwa nataka kumpeleka mama yangu Mombasa pamoja na wanangu wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine kumi na mmoja. Mama ana miaka 71, ana presha na anameza dawa kila siku, na maisha yake yote hajaiona bahari. Nimeiwekea safari hii akiba kwa muda mrefu, na pesa zinatosha siku tatu, usiku mbili. Dada mmoja ninayefanya kazi naye alikwenda Bamburi mwaka jana akarudi analalamika: walitoka asubuhi wakakuta bahari imekwenda mbali, ufuo umejaa mwani, na wachuuzi wakawafuata kila hatua. Yeye anasema dawa ni hoteli ya nyota tano. Hiyo siiwezi, labda nikope. Mama naye ameanza kusema hataki kusumbua watu wanaotabasamu kwa sababu ya pesa. Nifanyeje asije akajuta?"*

Dada yangu, hofu yako naielewa. Umeweka akiba kidogo kidogo, na unachoogopa ni mama kukaa kivulini akitazama mchanga na majani yaliyooza, kisha arudi Nakuru akushukuru kwa adabu tu. Nimefanya kazi miaka mingi katika hoteli za ufukweni hapa Mombasa, mapokezi na kwenye ofisi ya kuhifadhi vyumba, na familia kama yenu nimezipokea nyingi. Zilizorudi kwao zikiwa na furaha hazikuwa lazima zile zilizolipa zaidi. Zilikuwa zimechagua tarehe vizuri, na zilikuwa zimeiambia hoteli mapema ni nani anayekuja.

Kwa hiyo usikope. Nyota za hoteli hutolewa na serikali baada ya ukaguzi, na wakaguzi hutazama vyumba, jiko, lifti, bwawa, usalama wa moto na huduma. Hakuna mkaguzi anayeandika bahari ilikuwa wapi siku hiyo. Hoteli ya nyota tano na jirani yake ya nyota tatu pale Bamburi zinatazama bahari moja, na maji yakipwa yamewapwia wote.

Kabla ya bahari, tuhesabu muda. Tangazo linaposema "siku tatu, usiku mbili", wageni wengi hufikiri wamenunua siku tatu. Hoteli nyingi hukupa chumba saa nane mchana na kukitaka tena saa nne asubuhi. Ukiingia Ijumaa na kutoka Jumapili, umenunua saa 44, na katika hizo, saa za mwanga wa jua ni kama 20: nne za Ijumaa, kumi na mbili za Jumamosi, nne za Jumapili. Siku kamili ni moja tu. Mgeni wa wiki nzima akikuta bahari imekwenda, atangoja kesho. Wewe kesho yako ndiyo ya kufunga mabegi.

Sasa bahari yenyewe, maana hapa ndipo mwenzako alipoumia bila kujua sababu. Maji ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kati ya kujaa na kupwa hupita saa sita na dakika chache. Mwezi ndio unaoyavuta zaidi, jua likisaidia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mwezi na jua huvuta kwenye mstari mmoja, na maji hupanda sana na kushuka sana. Hilo ndilo bamvua. Tofauti ya kina kati ya maji kujaa na kupwa hufika mita 3 na zaidi, na ufuo wetu ni bapa, una mwamba wa matumbawe kwa mbele, kwa hiyo mita hizo tatu za kwenda chini huwa mamia ya mita za kwenda mbele. Ndiyo maana mgeni huona kama bahari imehama. Mwezi unapokuwa nusu, jua huvuta upande wake na mwezi wake, nguvu zinapunguzana, na maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Hayo wavuvi wetu huyaita maji mafu.

Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba bamvua ina saa zake. Kwa kuwa kila bamvua inakuja mwezi na jua vikiwa katika mpangilio uleule, saa za maji nazo hurudi zilezile. Mombasa, siku za bamvua, maji huwa yamepwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alasiri. Tangu kama saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, mtu anayetaka kuogelea ana bwawa la hoteli tu. Mwenzako, nadhani, alifika siku za mwezi mpevu au mwandamo, akala chai ya asubuhi, akashuka ufukweni saa nne. Angelipa mara tatu zaidi angekuta mchanga uleule. Na siku hizohizo, alasiri, kwenye baadhi ya hoteli za Nyali na Bamburi maji hupanda mpaka yakagonga ukuta wa bustani, pasibaki mahali pa kutembea.

Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Ukirudi nyuma siku tatu au nne kabla ya mwezi mpevu, maji yanajaa mchana, kati ya saa saba na saa tisa. Asubuhi yanapanda taratibu, ufuo bado mpana, watoto wanacheza kwenye maji ya magoti huku bibi yao amekaa karibu, na alasiri yanaanza kushuka bila haraka. Kwa familia yenye mzee na mtoto wa miaka sita na siku moja tu kamili, sijui tarehe nzuri kuliko hizo. Kwa kalenda ya Kiislamu, ambayo watu wa hapa wanaifuata na mabaharia hawaiachi, ni siku ya kumi au ya kumi na moja ya mwezi, na tena siku ya ishirini na tano au ya ishirini na sita. Kama huna kalenda hiyo, tafuta kwenye simu tarehe ya mwezi mpevu wa Agosti kisha hesabu kurudi nyuma. Ukiwa na tarehe mkononi, hakikisha kwa jedwali la saa za maji kujaa na kupwa la Kilindini, bandari ya Mombasa, au iulize hoteli: "Tarehe hiyo maji yanajaa saa ngapi?" Hoteli ya ufukweni isiyoweza kukujibu swali hilo, mimi ningeiacha.

Sisemi bamvua ni mbaya. Maji yakipwa sana ndipo watoto huona vilivyofichwa: kaa, viti vya pweza (wale wa umbo la nyota), majongoo ya pwani, vidimbwi vyenye samaki wadogo wa rangi. Mtoto wako wa miaka kumi na mmoja angefurahi mno. Lakini apelekwe na mtu anayejua njia, avae viatu vya mpira kwa sababu kuna wanyama wa miiba mirefu myeusi inayochoma na kukatikia mguuni, asikanyage matumbawe, wala asichukue kombe. Sehemu kubwa ya bahari hiyo imekuwa hifadhi tangu 1986. Bibi abaki juu, mwamba unateleza.

Mwani ni habari ya upepo. Agosti ni kusi, ambayo huvuma tangu karibu Aprili hadi Septemba. Kusi hung'oa majani yanayoota chini ya bahari, kati ya mwamba na ufuo, na kuyatupa ufukweni. Si uchafu, na yakiachwa husaidia kuushika mchanga usiliwe na mawimbi, ingawa yakioza yana harufu. Hakuna anayeweza kukuahidi ufuo safi mwezi wa Agosti. Hutofautiana wiki kwa wiki na hata hoteli kwa hoteli, kutegemea umbo la ufuo. Omba wakutumie kwa WhatsApp picha iliyopigwa asubuhi hiyohiyo, si ile ya kwenye tangazo. Kwa upande mwingine, kusi ndiyo inayompendelea mama yako. Agosti joto la mchana Mombasa ni kama nyuzi 28, wakati Machi hufika 33 na hewa haitembei. Ningekuwa nampeleka mama yangu mwenye presha kutoka Nakuru kwenye baridi, ningechagua Agosti na mwani wake kuliko Februari na bahari yake ya kioo.

Tarehe ikishapatikana, piga simu. Naomba unielewe vizuri hapa, kwa sababu watu hudhani ukarimu ni tabia ya mfanyakazi tu, mwenye moyo au asiye nao. Moyo upo, lakini hoteli huendeshwa kwa karatasi. Kila jioni ofisi hutoa orodha ya wageni wa kesho, na mbele ya kila jina pana nafasi ya maelezo. Asubuhi wakuu wa vitengo hukaa na orodha hiyo: mapokezi, wasafishaji wa vyumba, jiko, ukumbi wa chakula. Vyumba hugawanywa hapo, saa nyingi kabla hujashuka kwenye gari. Jina lenye maelezo hupewa chumba kinachofaa, na lisilo na maelezo hupewa kinachobaki. Mgeni anayefika saa tisa na kusema "mama hawezi ngazi" atahurumiwa kwa dhati, lakini vyumba vya chini vimeshakwenda.

Kwa hiyo sema mapema, tena wiki ya safari urudie: mama ana miaka 71, ana presha, anahitaji chumba cha chini karibu na ukumbi wa chakula, bafu lisilo na kizingiti cha kuruka, chakula kisicho na chumvi nyingi. Kisha ongeza kwamba ni mara yake ya kwanza kuiona bahari. Usione aibu kulisema. Wapishi na wahudumu husikia malalamiko kutwa. Wakisikia kuna mama mzee anakuja kuiona bahari kwa mara ya kwanza, kila mmoja hutaka awe na sehemu yake katika siku hiyo. Nimeona mpishi akitoka jikoni na samaki wa kupaka aliyempunguzia chumvi kwa mkono wake, na hakuna mtu aliyemwagiza.

Kuhusu pesa nitakuwa mfupi. Uliza kama bei ni ya chumba au ya mtu, maana nyingi ni za mtu mmoja kati ya wawili wanaolala pamoja, na anayelala peke yake huongezewa. Mlaze mama na mjukuu mkubwa, wewe ulale na mdogo, kisha uulize mtoto wa umri wa kila mmoja analipa kiasi gani. Beba kitambulisho upate bei ya mkazi. Mpango wa kula na kunywa kila kitu humfaa mnywaji. Ninyi chukueni chai ya asubuhi na chakula cha jioni. Kinachobaki, pamoja na tofauti ya nyota, kiongeze kwenye usiku wa tatu ukiweza. Huo ndio ushauri ninaousimamia kuliko yote upande wa fedha: usiku wa tatu kwenye hoteli ya kawaida unakupa siku mbili kamili badala ya moja, na bahari ikikuchezea siku ya kwanza unayo ya pili.

Njiani, msimbebeshe mama safari yote kwa mkupuo mmoja. Laleni Nairobi, kisha mpande treni ya asubuhi kutoka Syokimau, inayowafikisha Miritini mapema mchana, wakati chumba kinakaribia kuwa tayari. Ya usiku inaonekana kuokoa siku, lakini huwashusha kabla ya alfajiri, na mzee wa presha kukaa kwenye kiti cha mapokezi tangu saa kumi usiku hadi saa nane mchana si mwanzo mzuri. Tiketi za likizo huisha upesi. Miritini ni bara, na kwenda Bamburi mtakutana na msongamano, kwa hiyo hesabu zaidi ya saa moja. Mkibadili nia mkaenda Diani, barabara ya Dongo Kundu sasa inawapeleka kusini bila kupanda feri ya Likoni.

Mkiwa hapa, matembezi yawe mamoja tu. Kwa mama na watoto ningechagua Haller Park, Bamburi, alasiri jua likipoa. Palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jangwa la mawe matupu, mpaka René Haller alipoanza kupanda mivinje mwanzoni mwa miaka ya 1970. Leo ni msitu wenye kivuli, una twiga, viboko na kobe wakubwa, na njia zake ni tambarare. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno tangu 1593, ni ya maana kubwa, lakini ina ngazi na jua kali. Na asubuhi moja mtoroke chai ya hoteli, mkale mahamri na mbaazi za nazi. Mama atakula vizuri kuliko kwenye meza ndefu ya hoteli, niamini.

Afya ya mama si yangu kuiamulia, na hapa nakuomba uende kwa daktari wake uso kwa uso, wiki mbili au zaidi kabla ya safari. Baadhi ya dawa za presha hutoa maji mwilini, na joto la Pwani nalo hutoa jasho na kulegeza mishipa. Vikikutana, mzee anaweza kuona kizunguzungu anapoinuka. Daktari ndiye wa kusema kama dawa ibadilishwe au ibaki. Msiiache wala msiipunguze wenyewe. Muulize pia kinga ya malaria kwa wote wanne, kwa sababu ninyi watu wa Nakuru hamjaizoea kama sisi, na Pwani mbu wake wapo. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si begi la chini ya gari. Mama anywe maji kabla ya kusikia kiu, akae kivulini kati ya saa tano na saa tisa, na awe mbali na achari, ambazo ni tamu na zina chumvi tele. Uso ukipinda, mkono ukikosa nguvu au maneno yakikwama, msingoje kuona kama itapita: waambie mapokezi waite gari mara moja aende hospitali. Na yeyote akipata homa mkisharudi nyumbani, hata wiki kadhaa baadaye, apimwe malaria, na daktari aambiwe mlikuwa Mombasa.

Wachuuzi wa ufukweni hawakuvamia mahali pa watu. Katiba ya Kenya, ibara ya 62, inafanya ardhi yote kati ya maji yanapojaa na yanapopwa kuwa mali ya umma. Hoteli haina mamlaka ya kuwafukuza hapo, hata ya nyota tano, na kwa sheria hiyohiyo wewe unaweza kutembea mbele ya hoteli yoyote bila kuulizwa. Wengi ni wazazi wanaotafuta karo. Kosa la wageni ni kusema "labda kesho" ili waachwe. Kwa mchuuzi hiyo ni ahadi, na kesho atakungoja langoni kwa haki yake. Msalimie, mtazame, sema "leo hatununui, ahsante", uendelee na safari yako. Ukitaka ngamia kwa watoto au mashua, patana bei yote kabla ya kupanda, na mashua isiyo na jaketi ya kuokolea ya kila mtoto msipande.

Na hilo la mama, kwamba watu wa hoteli wanatabasamu kwa pesa. Tabasamu la mlangoni ni kazi, hilo ni kweli, na kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba nyingi za Kisauni na Mtwapa. Ila mwambie atasalimiwa shikamoo na vijana siku nzima, na hiyo haimo kwenye bili. Aitikie marahaba, awaulize kwao ni wapi. Huenda akakuta kijana wa Njoro au wa Molo miongoni mwao, ambaye hajamwona mama yake tangu Krismasi. Kuhudumiwa si kusumbua. Kinachowachosha wahudumu ni mgeni anayewapita kama hawapo, na mama yako, kwa hayo uliyoniandikia, hawezi kuwa mgeni wa namna hiyo.

Bakshishi si lazima, na msijibane kwa ajili yake. Mkiwa na chochote, wekeni sehemu kwenye sanduku la mapokezi, ambalo kwa kawaida hugawiwa wote, wakiwemo wa jikoni na wa dobi ambao hamtawaona kamwe. Anayewasafishia chumba mpeni mkononi, tena siku ya kwanza au ya pili, kwa sababu zamu hubadilika na siku ya kuondoka huenda msimkute. Na kama kuna aliyemtendea mama wema wa pekee, andikeni jina lake kwenye fomu ya maoni, jina kamili na alichokifanya. Vibarua wa msimu huongezewa mkataba kwa karatasi kama hizo, na Agosti ikiisha ndipo orodha ya watakaobaki inapoandikwa.